Kupogoa sana au kupunguza kidogo kidogo: ulinganisho kwa wenye miwaridi nyumbani, bara na pwani

Maelekezo mengi ya kupogoa miwaridi tunayoyasoma yalitungwa Uingereza na katika nchi zilizo jirani nayo, ambako mmea huu hupukutisha majani wakati wa baridi, hulala kwa miezi kadhaa, kisha hukatwa kati ya Februari na Machi kabla macho yake, yaani vifundo vya tawi ambamo machipukizi hutokea, hayajaanza kufumbuka. Mwaridi wa Limuru, Arusha au Tanga haulali. Una majani mwaka mzima na huchanua kwa zamu mwaka mzima, na kwa hiyo siku unapoukata unauondolea majani yaliyokuwa yakiulisha siku hiyohiyo. Kwa sababu hiyo swali la kukata kiasi gani ni zito kwetu kuliko kwao, na hapa nalinganisha njia mbili ambazo watu hutumia majumbani: kupogoa sana mara moja au mbili kwa mwaka, na kupunguza kidogo kidogo bila kukoma.

Nimetunza miwaridi kwa njia zote mbili, kwanza Arusha, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, kisha Tanga, karibu kabisa na bahari. Maoni yangu nayatanguliza ili msomaji ayapime anavyoendelea kusoma. Mahali penye usiku wa baridi, kupogoa sana kunafaa na kunalipa. Pwani, kupunguza kidogo kidogo ndiyo njia pekee ninayoweza kumshauri mtu aifuate. Na kwenye miji iliyo katikati, majani ya mmea ndiyo yaamue.

Njia zenyewe

Anayepogoa sana huchagua matawi matatu hadi matano yaliyo imara kuliko yote, huondoa mengine kuanzia shinani, kisha hukata yaliyobaki yawe na urefu wa sentimita 30 hadi 45, kila moja likiwa na macho machache tu. Akimaliza, kinachobaki ni vijiti vilivyosimama wima, mara nyingi bila jani hata moja. Machipukizi mekundu huonekana baada ya wiki mbili au tatu, na maua hufuata katika wiki ya 6 hadi ya 8 kulingana na joto, karibu yote kwa wakati mmoja, makubwa na juu ya vikonyo virefu.

Anayepunguza kidogo kidogo hana siku maalumu ya kazi hiyo. Kila ua linaponyauka hulikata pamoja na kikonyo chake, akishuka hadi juu ya jani la kwanza lenye vijani vitano linalotazama nje ya kichaka. Tawi lililokauka huliondoa siku anapoliona. Na mara moja kwa mwaka hushusha kimo cha mmea mzima kwa robo, au kwa theluthi akizidi sana. Mwaridi wake hauwi mtupu hata siku moja, lakini pia hauna lile juma la kufurika maua ambalo hufanya wapita njia wasimame. Hutoa mawili leo na matatu keshokutwa, kisha hupumzika kidogo na kuanza tena. Maua hayo huwa madogo kiasi na vikonyo vyake ni vifupi.

Yapo mambo yasiyobadilika kwa njia yoyote ile. Kinachotangulia kuondolewa ni kilichokufa, nacho hutambulika kwa kukata na kukitazama kiini: kikiwa cheupe au cha kijani hafifu tawi ni zima, kikiwa cha kahawia limekufa hapo, nawe unaendelea kushuka mpaka kahawia iishe. Baadaye huondolewa tawi linalosuguana na jenzake, tawi jembamba kuliko penseli, na lile linaloelekea katikati ya kichaka, kwa kuwa kichaka kinachopitisha hewa hukauka majani mapema baada ya mvua. Mkato huwa juu ya jicho linalotazama nje, kwa umbali wa nusu sentimita hivi. Kuhusu kuukata kwa mshazari kamili, jambo ambalo limewatia wengi wasiwasi, sioni haja ya kujitesa. Katika miaka ya 1990 chama cha kitaifa cha mawaridi cha Uingereza kilijaribu kukata baadhi ya miwaridi kwa makini, jicho kwa jicho, na mingine kwa mashine ya kupunguzia michongoma bila kuangalia jicho lolote, na ile ya mashine ilichanua bila kuachwa nyuma na mingine. Ukali wa mkasi una maana zaidi kuliko pembe ya mkato.

Akiba, na kwa nini usiku wa pwani una gharama

Mwaridi uliokatwa hadi vijiti hauna jani la kutengeneza chakula, hivyo machipukizi ya kwanza hulelewa na akiba iliyohifadhiwa kwenye mizizi na mashina. Akiba hiyo hujengwa mchana, jua linapopiga majani, na sehemu yake huliwa na mmea wenyewe usiku unapopumua. Usiku ukiwa baridi, kama wa Limuru, Lushoto au Njombe, mmea hutumia kidogo na kubaki na kingi. Usiku wa Dar es Salaam au Mombasa wakati wa kaskazi, ambapo joto halishuki sana hata alfajiri, hula sehemu kubwa ya kile mchana ulichoweka. Hivyo miwaridi miwili ya aina moja na umri mmoja, mmoja bara na mwingine pwani, haina akiba sawa hata ikionekana kulingana kwa kimo, na mkato ambao wa kwanza utauvumilia kwa urahisi unaweza kuuangamiza wa pili.

Nililijua hilo Tanga kwa hasara. Mwezi Januari, nikiwa nimetoka Arusha na mazoea yangu, nilipogoa miwaridi sita hadi chini ya goti. Minne ilichipua machipukizi membamba yaliyosimama yakiwa na urefu wa kidole, kisha matawi yakaanza kukauka kutoka kwenye mkato kwenda chini, sentimita chache kila juma, hadi yakafika shinani. Lawama haikuwa ya akiba peke yake. Gome lililozoea kivuli cha majani lilikutana ghafla na jua la mchana na kuungua upande wa magharibi, na palipoungua ukungu ulipata mlango. Miwili iliyopona ni ile iliyokuwa imekingwa na kivuli cha mwembe kuanzia saa nane.

Inafaa pia kutazama wanavyofanya watu wanaoishi kwa zao hili. Mashamba makubwa ya mawaridi ya Naivasha, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900, yana usiku wa baridi na mafundi wa kila namna, na bado hayaiachi mimea ibaki bila majani. Matawi dhaifu, yasiyoweza kutoa ua la kuuza, hayakatwi. Huinamishwa na kulazwa pembeni yakiwa na majani yake, ili yaendelee kulisha mizizi huku machipukizi manene yakipanda kutoka shinani. Mtu wa nyumbani anaweza kuiga jambo hilo bila gharama yoyote. Tawi jembamba linalotoka chini, badala ya kulikata, lishike taratibu, liinamishe nje ya kichaka mpaka lilale chini ya kimo cha shina, na ukate tumba lake tu. Kwa maoni yangu huu ndio ufundi unaopuuzwa kuliko wote katika bustani zetu, na ungekuwa umeokoa miwaridi yangu minne.

Hatari nyingine ya kupogoa sana inahusu miche iliyobebeshwa, yaani mwaridi uliounganishwa juu ya shina la mwaridi mwingine, ambayo ndiyo mingi inayouzwa kwenye vitalu. Sehemu ya juu ikidhoofika kwa kukatwa mno, shina mama lililo chini ya kiungo huamka na kutoa maotea, na mtu asiyeyatambua hufurahia majani mengi huku waridi alilonunua likifa polepole. Otea hutoka chini ya kiungo, na majani yake hayafanani na ya juu. Usilikate usawa wa ardhi, kwa sababu litarudi likiwa matatu. Fukua udongo hadi lilipoanzia na ulibandue kwa mkono. Katika kupunguza kidogo kidogo tatizo hili lipo, ila ni la nadra.

Magonjwa

Hapa kupogoa sana kuna faida ya kweli ambayo mpenzi wa njia ya pili lazima aikubali. Ukungu wa madoa meusi huishi kwenye majani na kwenye matawi machanga, na mbegu zake huhitaji jani libaki na unyevu kwa muda wa saa 7 hivi ili ziote. Utitiri mwekundu nao hujificha upande wa chini wa majani yaliyozeeka. Mtu anayeondoa majani yote, akayafagia na kuyachoma au kuyafukia mbali, huanza upya akiwa na mmea safi. Anayepunguza kidogo kidogo hubaki na majani ya zamani juu ya mapya, na ugonjwa una ngazi ya kupandia.

Hata hivyo usafi huo una upande wake wa pili. Mwaridi uliopogolewa sana huwa na machipukizi ya umri mmoja, yote laini, na ubwiri unga huyapenda hayohayo. Ukungu huu wa unga mweupe hauhitaji jani lililolowa. Unatosheka na mchana mkavu na usiku wenye unyevunyevu wa baridi, hali ambayo watu wa Nairobi na Arusha wanaijua vizuri kuanzia Juni hadi Agosti. Katika mwaridi unaopunguzwa kidogo kidogo, ubwiri unga hukuta chipukizi laini moja hapa na jingine pale, na majani magumu yaliyosalia huendelea na kazi.

Kwa hiyo pwani, ambako madoa meusi ndiyo adui mkubwa na kuondoa majani yote hakuwezekani, kazi ya mkasi inasaidiwa na kazi ya vidole: kuchuma majani yenye madoa kila baada ya siku mbili tatu, kuyaondoa yale yanayogusa udongo, na kumwagilia asubuhi chini ya mmea bila kulowesha majani. Vidukari huondoka kwa maji ya nguvu yanayopigwa upande wa chini wa majani asubuhi, ili jua liyakaushe mapema.

Wakati wa kukata

Kwa bara, hesabu kurudi nyuma. Ua huja wiki 6 hadi 8 baada ya mkato, basi amua unataka maua yakutane na hali gani ya hewa, kisha utoe majuma hayo. Mashamba ya Naivasha hufanya hesabu hiyohiyo yanapoiandaa mimea karibu na mwanzo wa Desemba ili maua ya Siku ya Wapendanao yawe tayari kabla ya tarehe 14 Februari. Kwa nyumba ya Nairobi, Arusha au Iringa naona nafasi mbili nzuri: mwanzo wa Januari, ili maua yafunguke kabla ya masika, na kuanzia mwisho wa Julai hadi katikati ya Agosti, baridi inapoanza kulegea. Mwenye kutaka mara moja tu kwa mwaka achague hiyo ya Agosti. Kupogoa sana Machi au Aprili ni kuyapeleka machipukizi machanga kwenye mvua, na Juni ni kuyaomba yakue wakati mmea hauna haraka.

Pwani upepo ndio mwalimu. Kaskazi inapovuma, kuanzia Desemba hadi Machi, mkasi uguse maua yaliyonyauka na vijiti vilivyokufa, basi. Ile robo au theluthi ya mwaka ikatwe wakati wa kusi, kati ya Juni na Agosti, mvua kubwa zikiwa zimekwisha na jua likiwa limepoa. Hata hapo, kila tawi lililobaki liwe na majani.

Miji kama Moshi, Morogoro na Mwanza haimo wazi upande wowote, na hapo kalenda haitoshi. Uangalie mmea: ukiwa na majani yanayong'aa kutoka juu hadi kufikia goti, una akiba, na unaweza kukatwa hata nusu ya kimo. Ukiwa na majani juu tu na miguu mitupu, usikate zaidi ya theluthi. Ulishe kwanza kwa miezi mitatu, kisha uutazame tena.

Aina ya mwaridi na shabaha ya mwenyewe

Miwaridi yenye ua moja kubwa juu ya kikonyo kirefu, ile ambayo watu wa vitalu huiita haibridi-tii, huitikia kupogolewa sana kuliko mingine yote. Ukiipunguza kidogo tu bara, baada ya miaka miwili huwa mirefu na maua yako juu ya kichwa cha mtu. Ile ya vishada, iitwayo floribanda, na mfano wake maarufu ni Iceberg nyeupe iliyotolewa na Kordes wa Ujerumani mwaka 1958, hupendelea mkato wa wastani, na kwa maoni yangu ndiyo chaguo la busara kwa anayeanza, kwa sababu husamehe makosa. Mwaridi wa kutambaa haufai kupogolewa sana kabisa: matawi yake makuu hulazwa na kufungwa yaelekee ubavuni, na vitawi vya pembeni tu ndivyo hukatwa vibaki na macho mawili au matatu.

Kuna kundi jingine ambalo halimo katika ulinganisho huu wote. Mawaridi ya Jabal Akhdar huko Oman, ambayo kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi huchumwa alfajiri na kukamuliwa maji ya waridi, yale yanayojaza mirashi kwenye harusi na maulidi, huchanua mara moja tu kwa mwaka, karibu na Aprili, juu ya matawi ya mwaka uliopita. Mwenye mwaridi wa namna hiyo akiupogoa kabla ya msimu, amekata maua yote ya mwaka. Hukatwa mara tu msimu unapokwisha.

Shabaha nayo inahesabika. Anayetaka maua marefu ya mezani, au anayeyapeleka sokoni, hatayapata kwa kupunguza kidogo kidogo. Anayetaka waridi moja la nywele na machache ya kuchanganya na asumini katika kikuba hana haja ya kikonyo kirefu wala ya maua thelathini kwa siku moja. Anahitaji mawili matatu kila asubuhi, na hiyo ndiyo tabia ya mwaridi unaopunguzwa. Muda pia: njia ya kwanza hudai saa chache mara mbili kwa mwaka, na ya pili hudai robo saa kila baada ya siku mbili. Mtu wa bara anayefika nyumbani mwisho wa juma tu atendee haki bustani yake kwa kuchagua ya kwanza.

Maji, chakula na vifaa

Baada ya kupogoa sana, punguza maji, kwa sababu mmea usio na majani hunywa kidogo na mizizi iliyokaa ndani ya tope huoza. Mbolea isubiri hadi machipukizi yawe na urefu wa kidole. Ndipo uweke samadi iliyoiva na kijiko kimoja au viwili vya chakula vya NPK 17:17:17, mbali kidogo na shina, kisha umwagilie. Kwa anayepunguza kidogo kidogo maji hayapungui, na mbolea hugawanywa kidogo kila mwezi, hasa kwenye mchanga wa pwani ambao hauhifadhi kitu. Matandazo ya majani makavu au makumbi yaliyokatwakatwa ni ya lazima huko. Mwenye kisima cha maji ya chumvi ayaangalie majani: kingo zikiwa zimeungua rangi ya kahawia, mwaridi huo usikatwe zaidi ya maua yake yaliyonyauka mpaka umwagiliwe maji baridi, yasiyo na chumvi, kwa muda wa kutosha.

Mkasi wa kupogolea ambao makali yake mawili hupishana ni bora kuliko ule ambao kisu kimoja hugonga juu ya bapa, kwa kuwa huo wa pili huponda tawi bichi. Matawi makavu hauyadhuru. Futa makali kwa spiriti kila unapohama mwaridi mmoja kwenda mwingine.

Mwaridi mzee wa pwani

Huu ndio mwaridi unaomtia mtu tamaa ya kukata sana: una miaka kumi, mashina yake yamekuwa magumu na ya kijivu, na maua yamebaki mawili kwa mwezi. Bara ningeukata chini ya goti mwezi wa Agosti bila wasiwasi. Pwani ninafanya hivi: kusi ya kwanza naondoa shina moja tu, lililozeeka kuliko yote, kutoka chini kabisa, na matawi mengine nayaacha na majani yake. Nainamisha vitawi dhaifu vya chini, naweka samadi na matandazo, kisha nasubiri. Kwa kawaida chipukizi nene, jekundu, huchomoza karibu na palipokatwa kabla ya vuli. Chipukizi hilo silikati hadi litoe ua lake la kwanza, na kusi ya mwaka unaofuata, likiwa na majani ya kutosha, ndipo shina la pili la zamani linapoondoka.